Mizani ya babu

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu kidogo. Mwandishi akinyamaza, watu hudhani amebanwa na kazi. Mimi sikubanwa na kazi, nilikuwa naona aibu. Leo nimeamua kuisema, maana aibu ukiifungia ndani inaoza.

Basi bwana, ilikuwa Oktoba. Ninyi wasomaji wa magazeti mnaijua Oktoba yetu. Tarehe 14 ikikaribia, kila chumba cha habari kinakumbuka ghafla kwamba nchi hii iliwahi kuwa na Mwalimu. Mhariri akaniita. "Wewe si mtu wa Mara? Nenda Butiama ukatuletee kitu. Kisizidi maneno mia nane." Nikapewa nauli ya kwenda. Ya kurudi nikaambiwa nitarudishiwa nikileta tiketi.

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Mama yangu kwao ni Ikizu, wilaya ya Bunda, na babu mzaa mama bado yuko hai. Nikaona nitaua ndege wawili: nitamsalimia Mwalimu aliyelala Mwitongo, na nitamsalimia mzee wangu.

Lakini kwenye begi, katikati ya daftari na chaja ya simu, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua. Sisi makorospondenti wa gazeti letu tuko 22. Hatuna mkataba, hatuna bima, tunalipwa kwa habari iliyotoka. Habari isipotoka, nauli na muda wako ni sadaka. Wenzangu walikuwa wameandika barua kwenda kwa menejimenti kuomba mikataba, na chini wakaacha mistari ya majina na saini. Siku hiyo walikuwa wamesaini 11. Mmoja akanikabidhi nakala akasema, "Kaka, wewe hatuna wasiwasi na wewe. Wewe ndiye mjamaa wetu."

Jina hilo nilijipatia mwenyewe. Nilipokuwa Mlimani nilikuwa mmoja wa wale vijana wanaotembea na kitabu cha Walter Rodney kwapani hata siku ambayo hawana nia ya kukisoma. Nilimaliza kitabu cha Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, kile cha mwaka 1976, kwa usiku tatu. Kwenye midahalo nilikuwa wa kwanza kushika kipaza sauti. Nani angedhani mtu kama huyo atahitaji kufikiria kabla ya kusaini karatasi?

Nilihitaji. Wiki moja kabla, bosi mmoja alikuwa ameninong'oneza kwenye korido kwamba nafasi moja ya ajira inakuja, na kwamba jina langu linatajwa. Akaongeza, "Ila usijichanganye na makundi." Nikawaambia wenzangu nitasaini nikirudi.

Nikapanda basi.

Musoma niliingia usiku, mgongo umekufa ganzi. Asubuhi nikatembea hadi Mwigobero kuangalia ziwa na mitumbwi ya dagaa ikitia nanga, kisha nikapita Mwisenge. Hapo ndipo Mwalimu alipoanza shule mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Nilisimama kidogo nje ya uzio. Mtoto wa Chifu Nyerere Burito ilibidi atoke Butiama kuifuata shule, na wenzake wengi aliowaacha kijijini hawakuiona kabisa.

Nadhani hilo hakulisahau. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini hapa na kutoa kile tunachokiita Azimio la Musoma. Tuliosoma tunalikumbuka kwa mambo mawili. La kwanza, kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. La pili, vijana wa kidato cha sita wasiende chuo kikuu moja kwa moja, waende kwanza jeshini na kazini, wakirudi wawe wanawajua watu wanaosomeshwa kwa jasho lao. La pili halikudumu sana. La kwanza lilibadilisha nchi: wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka kama milioni 1.2 mwaka 1974 hadi kama milioni 3.5 mwaka 1983. Madarasa yalijaa, walimu wengine walikuwa vijana wa darasa la saba waliofundishwa kazi hukohuko kijijini, madawati yalikuwa ndoto. Lakini mmoja kati ya watoto wale alikuwa mama yangu. Aliingia darasa la kwanza mwaka 1977. Bila Azimio lile angeolewa bila kujua kuandika jina lake, na mimi nisingekuwa hapa nawaandikia ninyi.

Naliweka hili mbele kwa makusudi. Sitaki mtu aseme kijana huyu ameshiba sasa anaitukana Ujamaa. Ninachotaka kusema ni kigumu zaidi ya matusi.

Butiama nilifanya nilichotumwa. Niliingia makumbusho, nikaona zawadi na vitu vyake vya kawaida kabisa. Nikapanda hadi Mwitongo, penye miamba na makaburi ya familia, nikasimama mbele ya kaburi alikozikwa Oktoba 23, 1999. Viongozi walikuwepo, kwaya zilikuwepo, maneno "tumuenzi" niliyahesabu nikaacha kuhesabu. Nikaandika maneno mia nane, nikayatuma kwa simu nikiwa nimeegemea ukuta, na nikaona ni mazuri. Yalisema Mwalimu alisimama na mnyonge. Karatasi ilikuwa bado begini.

Kutoka Butiama nikarudi barabara kuu, nikapata Hiace hadi Bunda, kisha bodaboda hadi Nyamuswa na ndani kidogo. Babu nilimkuta chini ya mti, redio pembeni. Macho yamepungua nguvu, sauti bado.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mura wangu. Umetumwa au umekuja?"

Nikacheka. Nikamwambia nimetumwa Butiama, ila kwake nimekuja.

Jioni, baada ya ugali na sato, nikamuuliza kwa lugha ya kiandishi kabisa: Ujamaa ulimpa nini, ulimnyima nini? Hakujibu swali. Alianza na mizani.

Babu alikuwa kijana mdogo katika miaka ya 1950. Pamba ilikuwa ndiyo fedha ya Kanda ya Ziwa, na wanunuzi wenye leseni, wengi wao wafanyabiashara wa Kiasia, ndio waliokuwa na mizani. Mkulima anafika na gunia, anaambiwa ni ratili kadhaa, basi. Hajui kusoma mshale, na hata akijua hatabishana na nani? Baba yake babu alikuwa anapima pamba nyumbani kwa kuinua begani. "Bega lilikuwa halikosei," alisema babu, "lakini bega haliandiki risiti."

Sasa, yule aliyekuja kulibadilisha hili alikuwa mtoto wa palepale. Paul Bomani alizaliwa Ikizu mwaka 1925, mtoto wa mchungaji Msabato. Akiwa Mwanza aliongoza wakulima wa pamba kujiunga: kwanza wapime wenyewe pamba yao kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi, kisha wauze pamoja, kisha wamiliki hata vinu vya kuchambulia. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo ilikuja kuwa moja ya ushirika mkubwa kuliko yote Afrika. Hakuna chama kilichowaagiza. Uhuru ulikuwa bado miaka sita.

Baba yake babu alikuwa mwanachama wa chama cha msingi, na babu mwenyewe baadaye alichaguliwa kuwa mpimaji. Alisema neno "nilichaguliwa" polepole, kama mtu anayetaja cheo cha jeshi. Mizani ilikaa kwenye ghala lao. Aliyeiba kwenye mizani ile aliiba kwa majirani zake, na majirani walikuwa na mkutano mkuu wa kumtolea macho. Waliibiana pia, hakunificha. Makatibu wengine walikula fedha hadi wakavimba. "Lakini tulikuwa tunajua ni nani," alisema. "Na tulikuwa tunamtoa."

Nikamuuliza ikaendaje.

Mwaka 1974 walihamishwa. Novemba 1973 Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, si hiari, na Mara ni miongoni mwa mikoa iliyopelekwa mbio sana. Boma lao lilikuwa mwendo wa kama saa moja kutoka hapa tulipokaa. Waliokuja waliwapa siku chache. Siku zilipokwisha, paa likashushwa. Bibi alibeba mtoto, sufuria na mlango. Mlango! Alikataa kuuacha kwa sababu seremala alikuwa bado hajamaliziwa fedha yake. Babu alipofika hapo alicheka peke yake, mimi nikashindwa kucheka. Bibi huyohuyo ndiye aliyejifunza kusoma katika kijiji kile kipya, kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni. Nifanyeje mimi na historia ya namna hii? Nikiisifu naona paa, nikiilaani naona ubao na chaki.

Kisha ukaja mwaka 1976. Serikali ikavunja vyama vya ushirika nchi nzima. Kijiji ndicho kikawa chama, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za umma. Kwenye ghala lao ilikuja gari, ikachukua daftari na mizani. Wanunuzi wapya walikuja na mizani yao.

"Hawakuwa Wahindi, hawakuwa Waingereza," alisema babu. "Walikuwa watoto wetu. Wengine waaminifu kabisa. Lakini pamba ilikaa, fedha ikachelewa, na hakukuwa na mkutano wa kwenda kuuliza. Ukimuuliza mwenyekiti anakwambia subiri wakubwa."

Nikamuuliza kama Mwalimu alikosea. Akanyamaza, nikasikia redio tu.

"Mwalimu alitupenda. Lakini mtu hata akikupenda, akikushikia mizani, wewe hujui tena uzito wa pamba yako."

Hapo ndipo yale niliyoyasoma Mlimani yalipoanza kujipanga upya kichwani. Nilikuwa nimeyasoma kama hadithi mbili tofauti, ya mkulima na ya mfanyakazi. Kumbe ni moja.

Angalieni. Vyama vya wafanyakazi navyo havikuletwa na kitabu. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, wakagoma 1947. Mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Tanganyika Federation of Labour, TFL, na katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma karibu miezi mitatu. Wakoloni waliondoka wakijua kabisa kwamba nyuma ya TANU kuna watu wanaoweza kusimamisha treni.

Uhuru ulipokuja, watu hao wakaanza kutisha upande wa pili. Sheria ya mwaka 1962 ilifanya mgomo halali uwe karibu muhali. Kasanga Tumbo, kiongozi wa reli, alipelekwa ubalozini London, akajiuzulu, akaunda chama cha upinzani, na Januari 1964 akawekwa kizuizini. Mwezi huohuo askari waliasi, na baada ya maasi viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. Februari 1964 TFL ikafutwa kwa sheria, ikaundwa NUTA, chama kimoja tu, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Yaani mfanyakazi akitaka kuilalamikia serikali, anamwendea waziri wa serikali avue kofia moja avae nyingine.

Na hii ilikuwa miaka mitatu kabla ya Azimio la Arusha! Februari 5, 1967 nchi ilipotangaza kwamba sasa ni ya wakulima na wafanyakazi, wafanyakazi walikuwa tayari wamenyang'anywa chama chao. Wakulima walifuatia miaka tisa baadaye.

Mara moja tu mlango ulifunguka. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na dharau na uonevu kwa watu wanaowaongoza, na wafanyakazi wakafanya jambo la hatari: wakauamini. Kuanzia 1971 hadi 1973 walisimamisha mashine, wakawafungia nje mameneja waliowatukana, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimtoa mwenye kiwanda wakaendesha wenyewe. Wengine walipotaka kufuata, breki ikafungwa. Ujamaa ulikuwa wa kwao, mradi wasiuguse.

Marafiki zangu wa Mlimani wana majibu yao. Mmoja atasema Ujamaa uliuawa na mabeberu, na bei ya mafuta, na vita vya Kagera. Mwingine atasema haukuwa ujamaa wa kisayansi. Sikatai, bei ya pamba duniani haikupangwa Ikizu. Lakini mimi nauliza swali dogo la mtoto wa Bunda. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilipokaa Zanzibar ikayalegeza masharti ya uongozi yaliyokuwa moyo wa Azimio la Arusha, na viwanda vya umma vilipoanza kuuzwa katika miaka ile ya 1990, nani alikuwa na chombo cha kusimama na kusema hapana? Mkulima alikuwa amezoea kusubiri wakubwa kwa karibu miaka 15. Mfanyakazi kwa 27. Mtu uliyemzoesha kushikiwa mizani hawezi kuamka asubuhi moja akaidaka.

Nikamwambia babu kitu ambacho hakuwa anakijua. Mwaka 1984, Mwalimu mwenyewe, alipohojiwa na jarida moja la nje, alitaja mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Moja ni kufuta serikali za mitaa. La pili ni kuvunja vyama vya ushirika.

Babu akageuza sikio.

"Alisema hivyo?"

"Alisema, babu."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akakaa. Akapapasa fimbo yake. "Basi alikuwa mtu mkubwa," akasema. Kisha baada ya muda: "Lakini mizani ilikuwa imeshakwenda."

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu 2018 pamba inapita tena kwenye vyama vya msingi, AMCOS. Babu anajua. Anasema vijana wa huko wanaogopa kuuliza kwenye mkutano, wanangoja ofisa aseme kwanza.

Ndipo akaniuliza, "Na ninyi huko mjini, mizani yenu anashika nani?"

Ningeweza kumwambia kuhusu karatasi. Ilikuwa hatua kumi kutoka tulipokaa, ndani ya begi, kwenye kitanda cha wageni. Nilimwambia, "Tunahangaika tu, babu." Akasema haya. Nikaenda kulala.

Niliporudi Dar es Salaam barua ilikuwa imeshapelekwa. Majina 11, la kwangu halimo. Makala yangu ilikuwa imetoka vizuri tu, ukurasa mzima, picha ya kaburi, kichwa cha habari kinachosema Mwalimu alisimama na mnyonge. Bosi alinipigia saluti kwenye korido. Wiki iliyofuata watatu kati ya wale 11 wakaanza kutopangiwa kazi. Hakuna aliyefukuzwa. Huwezi kumfukuza mtu ambaye hujamwajiri. Jina lako linakosekana tu kwenye ubao asubuhi, unarudi nyumbani. Mmoja wao ana mtoto mchanga. Aliyenipa nakala hakunilaumu. Aliacha tu kuniita mjamaa.

Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nilijua kila kitu. Nilijua 1964, nilijua 1976, nilikuwa nimetoka kukaa na mtu aliyeona gari likibeba mizani. Na bado nilingoja wakubwa, kama ninaowaandika.

Juzi Jumatatu nilikunjua karatasi yangu. Mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika. Nikatia jina na saini, nikampelekea yule ndugu mezani kwake. Akaisoma kama anatafuta kosa la tahajia. Akasema, "Umechelewa." Nikasema najua. Akaiweka kwenye faili. Tangu siku hiyo wawili wengine wamesaini, si kwa sababu yangu, msinipe sifa nisiyostahili. Nafasi ile ya ajira sijui kama bado inataja jina langu, na wiki hii jina langu halikuwa ubaoni siku mbili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20 ili kuanzisha chama. Tumefika 14. Bado sita.